Somo la 9: Kwa Mwendo wa Watoto

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 33:1–17, Kum. 22:8, Kut. 21:28, 29, Mdo 27:1–44, Rum. 13:1–10; 1 Pet. 2:13–17, Kut. 16:22, 23, Mk 2:27.

Fungu la Kukariri: Kutoka 23:2, sehemu ya kwanza. Lisome kwa sauti kila siku ya juma hili mpaka uweze kulisema bila kufungua Biblia. Hapo Mungu anawakataza watu wake kuandamana na wengi katika kutenda mabaya.

Chukua mfano wa kwaya inayosafiri kwa Costa kutoka Mwanza kwenda makambi upande wa Musoma. Dereva ni shemasi wa kanisa lao. Wamechelewa kuondoka, kama kwaya nyingi zinavyochelewa: mmoja alisahau sare, mwingine alisubiriwa stendi. Kila wanapofika kwenye kibao cha 50, shemasi anashusha mwendo hadi 50. Kijiji kikiisha anarudi 80, wala hapiti hapo. Nyuma yake basi kubwa linamulika taa na kupiga honi, kisha linampita. Baada ya hilo linampita lori la saruji.

“Shemasi, hata lori limetuacha!” anasema kijana mmoja wa besi, na gari zima linacheka. Mwalimu wa kwaya hacheki. “Shemasi,” anasema kwa upole, “zamu yetu ya kuimba ni saa 5. Ongeza kidogo tu. Barabara ni nyeupe.”

Hakuna mwovu ndani ya gari hilo. Wote wanakwenda kumtumikia Mungu, na kabla ya kuondoka walisimama wakaomba ulinzi wa safari. Sasa karibu wote wanamtaka dereva aufungue ulinzi huo kidogo kidogo, kwa sababu njema kabisa.

Juma hili tunajifunza juu ya utii katika jambo ambalo wengi huliona dogo, na hasa juu ya utii pale watu walio nyuma yetu, au walioketi pamoja nasi, wanapotaka twende haraka zaidi.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Yakobo na Watu 400

Soma Mwanzo 33:1–14. Esau alimwomba Yakobo nini, na Yakobo alitoa sababu gani ya kukataa?

Ndugu hawa wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi. Yakobo alikuwa na hofu, na alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa maana Esau alikuja na watu 400. Lakini walipokutana Esau alimkumbatia, wakalia pamoja. Ndipo Esau akatoa pendekezo la upendo: tuondoke, twende pamoja, nami nitatangulia.

Lilikuwa pendekezo gumu kulikataa. Esau ndiye aliyekuwa na nguvu. Ndiye aliyekuwa ametoka kusamehe. Watu wake 400 walikuwa wanaume wa safari, wasio na watoto mgongoni wala wana-kondoo wa kunyonyesha. Kusema “siwezi kwenda mwendo wenu” kungeweza kuonekana kama dharau, na kungeweza kuamsha hasira iliyokuwa imetulia muda mfupi tu.

Hata hivyo Yakobo alikataa kwa adabu. Alimwita Esau bwana wake. Alimwomba atangulie. Kisha akaeleza kwamba watoto walikuwa wachanga na kwamba kondoo na ng'ombe walikuwa wananyonyesha. Wakisukumwa kupita kiasi kwa siku moja tu, kundi lote lingekufa. Yeye angekwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yake na kwa mwendo wa watoto.

Angalia jinsi Yakobo alivyopima mwendo wake. Hakuuliza mwenye nguvu kuliko wote anaweza kwenda kasi gani. Aliuliza aliye dhaifu kuliko wote anaweza kustahimili nini. Esau alipotaka kumwachia baadhi ya watu wake, Yakobo alikataa hilo pia.

Biblia haifichi kwamba Yakobo alikuwa mtu mwenye kasoro. Alimwambia Esau kwamba angemfuata mpaka Seiri, lakini fungu la 17 linaonyesha alikwenda Sukothi. Hatuigi kila alichofanya. Lakini kuhusu mwendo alisema kweli, na kweli hiyo ina maana kubwa barabarani. Kila barabara inayopita kijijini ina watoto wanaokwenda shule, bibi anayevuka na kuni kichwani, mtu asiyesikia honi, na mwendesha baiskeli aliyebeba gunia la mkaa. Kibao cha 50 hakikuwekwa kwa kulifikiria gari zuri na dereva hodari. Kiliwekwa kwa kuwafikiria hao.

Katika safari yako ya mwisho, nani alikuwa dhaifu kuliko wote barabarani? Je, mwendo wa chombo ulichopanda ulipimwa kwa kumfikiria yeye?

JUMATATU
Ukingo wa Dari

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa nini Mungu aliwaagiza Waisraeli kujenga ukingo juu ya nyumba zao?

Nyumba za nyakati hizo zilikuwa na dari bapa, na watu walizitumia kama sisi tunavyotumia ua au baraza. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini (Yos. 2:6). Petro alipanda darini kuomba (Mdo 10:9). Kwa hiyo mtu aliyejenga nyumba mpya aliagizwa kuweka ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Mwenye nyumba angeweza kujitetea: “Mimi naijua dari yangu. Sijawahi kuanguka.” Lakini ukingo haukuwa kwa ajili yake peke yake. Ulikuwa kwa ajili ya mgeni asiyeijua dari hiyo, na mtoto anayecheza bila kuangalia nyuma. Mungu aliiweka amri hii kabla mtu hajaanguka. Hakusubiri msiba ndipo atafute mwenye kosa.

Linganisha na Kutoka 21:28, 29. Ng'ombe aliyempiga mtu pembe kwa mara ya kwanza hakumletea mwenyewe hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga, na mwenyewe alikuwa ameonywa lakini hakumzuia, hatia ilikuwa yake. Onyo ndilo lililobadilisha hesabu. Kibao kilichosimama kando ya barabara nacho ni onyo. Aliyekiona hawezi kusema hakujua.

Sheria ya Tanzania inaweka kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na 80 kwa mabasi ya abiria na malori makubwa nje ya maeneo hayo. Kenya nayo ina 50 mijini na 80 kwa magari ya abiria. Je, kuna tofauti gani kubwa kati ya 50 na 80 mbele ya kijiji?

Gari linalokwenda 50 husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto ametokea, sekunde moja hivi hupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye breki nzuri litasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa mwendo wa 80, gari hilohilo husafiri mita 22 kabla ya breki kuanza kushika, na huhitaji takriban mita 57 ili lisimame. Maana yake ni kwamba mahali ambapo gari la 50 limekwisha kusimama, gari la 80 bado linakwenda zaidi ya 70. Mtoto aliyesimama hapo ataokoka katika hali ya kwanza. Katika ya pili ni vigumu kumwokoa. Basi lililojaa abiria huhitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Amri ya sita haihusu upanga na mkuki tu. Inahusu pia mguu wa dereva.

Ni “ukingo” gani mwingine ambao Mungu amekukabidhi kwa ajili ya usalama wa mtu usiyemjua? Umeujenga, au bado unaitegemea bahati?

JUMANNE
Wengi Walishauri

Soma Matendo 27:9–20. Ni nani waliotaka safari iendelee, na kila mmoja alikuwa na sababu gani?

Meli iliyombeba Paulo ilikuwa imefika Bandari Nzuri katika kisiwa cha Krete. Siku ya Kufunga ilikuwa imepita, na wakati wa bahari kuchafuka ulikuwa umekaribia. Paulo alionya kwamba safari hiyo ingeleta madhara na hasara, si ya shehena na meli tu, bali hata ya maisha ya watu.

Upande wa pili walikuwa watu wenye uzito. Nahodha alikuwa na ujuzi. Mwenye meli alikuwa na mali yake. Akida alikuwa na mamlaka, tena alikuwa na amri ya kuwafikisha wafungwa Rumi. Na bandari yenyewe haikufaa kukaa wakati wa baridi. Basi wengi wakashauri waondoke, wafike Foinike kama ikiwezekana. Upepo mwanana wa kusini ulipovuma, walidhani wamepata walichokusudia. Haikuchukua muda, tufani ikashuka.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa hapa.

Kwanza, wingi wa watu haukuibadilisha bahari. Abiria 60 wakipaza sauti pamoja wakitaka dereva akanyage mafuta, lami haiongezeki msuguano wala breki haziongezeki nguvu. Mfalme Sauli alivunja agizo la Bwana kwa sababu aliwaona watu wanatawanyika (1 Sam. 13:8–12), na baadaye alikiri kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao (1 Sam. 15:24). Waliompigia kelele hawakusimama naye siku ya kujibu. Ndivyo ilivyo barabarani. Anayepiga honi nyuma hatapanda kizimbani pamoja nawe, wala hatakwenda nawe msibani kuwatazama wazazi usoni.

Pili, upepo mwanana haukuwa kibali cha Mungu. Mtu anaweza kuvunja kikomo cha mwendo mara 100 na kufika salama mara zote 100. Kufika salama si ushahidi kwamba alifanya vema. Ni ushahidi kwamba siku hiyo hapakuvuka mtoto.

Tatu, angalia tabia ya Paulo kati ya watu waliompuuza. Soma Matendo 27:21–25, 33–37. Aliwakumbusha kwamba walipaswa kumsikiliza, lakini hakuishia hapo. Aliwatia moyo, akawasihi wale, akamshukuru Mungu mbele yao wote. Walikuwa watu 276, na hakuna aliyepotea.

Hapa dereva Mkristo ana jaribu lake la pekee. Anaweza kutii kibao na moyoni akawa kama yule Farisayo wa Luka 18:11, akishukuru kwamba yeye si kama madereva wengine. Anaweza hata kukaa katikati ya barabara makusudi ili kuwafundisha adabu walio nyuma. Huo si utii. Ni hasira iliyojificha nyuma ya sheria. Anayetaka kupita na apewe nafasi: sogea kushoto panapofaa, punguza kidogo, mwache aende, nawe umwombee afike. Kikomo cha mwendo kimewekwa ili kulinda uhai. Mtu anayekitumia kumkasirisha mwenzake, hata yule akajaribu kupita mahali pa hatari, amekwisha kusahau kusudi lake.

Ni wakati gani uliwahi kubadili uamuzi mzuri kwa sababu tu watu waliokuzunguka walikosa subira? Ulijifunza nini?

JUMATANO
Tochi na Dhamiri

Soma Warumi 13:1–10 na 1 Petro 2:13–17. Ni sababu gani mbili za kutii ambazo Paulo anazitaja katika Warumi 13:5?

Kila msafiri wa barabara zetu anaijua lugha ya taa. Gari linalotoka mbele linawasha na kuzima taa mara mbili, na dereva anaelewa: kuna trafiki wenye tochi. Mwendo unashuka ghafla. Gari linapita mbele ya askari kwa unyenyekevu mkubwa. Baada ya kona moja, mwendo unarudi ulikokuwa.

Paulo anaujua utii wa namna hiyo. Anautaja kuwa ni kutii kwa sababu ya ghadhabu, yaani kwa kuogopa adhabu. Hausemi kuwa haufai kitu. Hofu ya faini imeokoa maisha ya watu wengi. Mwanzoni mwa mwaka 2004 Kenya ilianza kutekeleza kwa nguvu kanuni ambazo wananchi waliziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Matatu zilitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita 80, na kila abiria kuwa na mkanda. Tanzania nayo huyafuatilia mabasi ya mikoani kwa mitambo inayoonyesha mwendo wake. Serikali hufanya hivyo kwa sababu inawafahamu wanadamu.

Lakini Paulo anaongeza sababu ya pili: kwa ajili ya dhamiri. Dhamiri haina kona ambapo tochi haifiki. Na katika mafungu ya 8 hadi 10 anaonyesha dhamiri hiyo inasimama juu ya nini. Amri zote kuhusu wanadamu wenzetu hukusanyika katika kumpenda jirani, na upendo haumfanyii jirani neno baya. Kwa hiyo swali la dereva Mkristo halibaki “Je, wapo?” Linakuwa “Je, nampenda nani katika kijiji hiki?”

Wengine husema, “Mungu hakuandika 50 katika mbao za mawe.” Ni kweli. Namba hiyo imewekwa na wanadamu, na wanadamu wanaweza kuibadilisha. Petro anawaagiza waumini wajiweke chini ya taratibu za wanadamu kwa ajili ya Bwana. Mpaka wa utii huo umeelezwa katika Matendo 5:29: serikali ikiamuru dhambi, tunamtii Mungu. Lakini hakuna kibao cha mwendo kinachomwamuru mtu kumkana Kristo. Anayeona kikomo fulani hakifai anaweza kuwaeleza wenye mamlaka. Hawezi kukifuta kwa mguu wake mwenyewe.

Yapo pia mambo yanayofuata baada ya kosa. Dereva aliyekamatwa kwa haki hujaribiwa kutoa kitu kidogo ili mambo yaishe. Kutoka 23:8 inakataza rushwa kwa kuwa hupofusha macho ya wenye kuona. Muumini aliyekosa na akalipa faini yake halali, akapokea risiti, ametoa ushuhuda bora kuliko yule aliyekwepa faini na kisha akaenda kuongoza shule ya Sabato.

Katika 2 Wafalme 9:20 mlinzi wa mnara alimtambua Yehu kwa mbali kwa namna alivyoendesha gari lake. Watu wa mtaani kwako wakiliona gari au bodaboda yako inakuja, wanamtambua mtu wa namna gani?

ALHAMISI
Haraka ya Ijumaa Jioni

Soma Kutoka 16:22, 23, Nehemia 13:19, na Marko 2:27. Siku ya maandalio iliwekwa kwa kusudi gani?

Yapo majaribu ya mwendo ambayo Waadventista wanayajua kuliko watu wengine. Baba mmoja ana shughuli Mwanza, na familia yake iko Musoma, mwendo wa kilometa 220 hivi. Anajua kwamba kwa kufuata vibao vya Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, safari itachukua zaidi ya saa tatu. Alipanga kuondoka saa 7 mchana. Mteja mmoja akaja, kisha mwingine. Anawasha gari saa 10 na nusu, na jua halimsubiri mtu.

Sasa kila dakika anatazama magharibi. Anapita Magu kwa 100, moyoni akisema, “Nakimbilia Sabato ya Bwana.” Je, anaikimbilia kweli? Ili aonekane ameitunza amri ya nne, anaihatarisha amri ya sita mbele ya kila nyumba iliyo kando ya barabara. Wala hakuna amri inayoweza kuheshimiwa kwa kuivunja nyingine, maana aliyezitoa ni mmoja (Yak. 2:10, 11).

Hesabu yenyewe ina funzo. Katika kilometa 100 za barabara iliyo wazi, anayekwenda 100 humtangulia anayekwenda 80 kwa dakika 15. Hizo ni dakika alizozitumia dukani pamoja na mteja wa mwisho. Kosa halikuanzia Magu. Lilianzia dukani, pale alipouza muda wa maandalio. Barabara haiwezi kurudisha kilichouzwa sokoni, ila inaweza kumdai mtu mwingine alipe.

Jambo hili haliwahusu akina baba wa biashara peke yao. Mchungaji wa mtaa mwenye makanisa kadhaa anaweza kuhubiri kanisa la kwanza kupita muda wake, kisha akapanda pikipiki akimbilie la pili. Wazee wa kanisa wanaweza kumpangia ratiba isiyowezekana bila kuvunja sheria, halafu wakamlaumu kwa kuchelewa. Msafara wa mazishi unaweza kukimbia kana kwamba unatafuta marehemu wa pili. Katika hali zote hizo dereva ana wajibu wake, lakini walioipanga safari nao wana wao. Anayemwambia dereva “kanyaga” ni mshiriki wa mwendo huo.

Afanye nini basi mtu aliyekwisha kuchelewa? Apige simu nyumbani kabla hajaingia barabarani, aombe radhi, na awaambie waifungue Sabato bila yeye. Aende kwa mwendo halali. Jua likizama akiwa njiani, aipokee Sabato hapohapo kwa maombi na toba, naye Bwana aliyeifanya Sabato kwa ajili ya mwanadamu atamwelewa. Juma linalofuata afunge duka mapema. Toba ya kuchelewa ni kuondoka mapema.

Angalia ratiba yako ya Ijumaa na ya Sabato. Ni kitu gani kimoja unachoweza kukiondoa au kukitanguliza ili mtu yeyote asilazimike kukimbia?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Rudi sasa kwenye Costa ya wanakwaya. Tuseme shemasi hakuongeza mwendo. Alimjibu mwalimu kwa sauti ya chini, “Mwalimu, nisamehe. Tutachelewa, lakini tutafika.” Aliendelea na 50 vijijini na 80 kwingineko. Walifika saa 5 na dakika 25. Zamu yao ilikuwa imepewa kwaya nyingine, na wao wakapangiwa alasiri, wakati nusu ya watu wamesinzia kwa joto. Baadhi ya wanakwaya hawakumsemesha siku nzima.

Je, alipata faida gani? Hakuna aliyeweza kuionyesha kwa kidole. Pale Lamadi hakutokea mtoto barabarani. Basi lililowapita nalo lilifika salama. Lori la saruji lilifika salama. Mtu angeweza kusema kwamba utii wa shemasi haukubadilisha kitu.

Lakini ukingo wa dari hufanya kazi hivyo. Nyumba yenye ukingo haina hadithi ya kusimulia. Katika vipindi vya shuhuda tunawasikia waliotolewa kwenye magari yaliyopinduka wakiwa hai, nasi tunamsifu Mungu pamoja nao, na ni haki. Mara chache husimama mtu akasema, “Namshukuru Mungu kwa kuwa juma hili hakuna aliyeumizwa nami.” Huenda siku ile vitabu vitakapofunguliwa tutaonyeshwa misiba ambayo haikutokea, na watoto waliokua wakawa wazee kwa sababu dereva wasiyemjua alitii kibao kilichosimama penye vumbi, mbele ya watu waliomcheka.

Yakobo alifika mahali alipokwenda akiwa na watoto wake wote. Hakuwa wa kwanza, lakini hakumwacha hata mmoja njiani. Mchungaji Mwema naye hulilisha kundi lake namna hiyo, akiwabeba wana-kondoo na kuwaongoza polepole wanyonyeshao (Isa. 40:11). Kama Kristo angepima mwendo wake kwa walio hodari tu, ni nani kati yetu angekuwa bado yumo safarini?

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani kwenu wamo madereva na wamo abiria. Abiria Mkristo afanye nini basi linapokwenda kasi kupita sheria na wenzake wanamshangilia dereva? Aseme nini, na kwa namna gani, ili asikike?

2. Dereva anapowasha taa kuwaonya wengine kwamba kuna trafiki mbele, anamsaidia nani? Je, ni upendo kwa jirani? Mjadiliane mkizingatia Warumi 13:10.

3. Dereva wa daladala ambaye ni muumini hupewa hesabu ya siku na mwenye gari. Akitii kila kibao, huenda hesabu isitimie na akapoteza kazi. Kanisa lina wajibu gani kwake? Na kama mwenye gari naye ni muumini, ana wajibu gani?

4. Pitieni ratiba ya kanisa lenu: makambi, ziara za kwaya, mazishi, zamu za wahubiri. Ni wapi ambapo kanisa lenyewe linawasukuma watu kukimbia? Amueni jambo moja la kubadilisha kabla ya robo hii kwisha.

5. Tofautisha kati ya mtu anayetii sheria kwa upendo na anayeitii ili kujiona bora kuliko wengine. Kwa nje wanaweza kwenda mwendo uleule. Ni nini kitakachoonyesha tofauti yao pale gari la nyuma linapoanza kupiga honi?